Shule ikifungwa, jiko halifungwi

 

Juma hili tunajibu ulizo ambalo limezunguka katika vikundi vyetu kwa muda mrefu. Wamama wengi wana watoto ambao hawaendi tena shuleni, na wamama hao wamekuwa wanawafundisha wenyewe nyumbani. Mwenzetu mmoja aliliweka wazi hivi: "Mtoto wangu alikuwa darasa la nne. Tangu tukimbie, ninamfundisha mwenyewe kila jioni. Sasa anasoma vizuri kuliko zamani, anaomba bila kukumbushwa, na simwogopei barabara. Kwa nini nimrudishe?"

Tulicheka kidogo, kisha tukanyamaza, maana si ulizo la mchezo. Katika kikundi kuna waliosema ana haki na kuna waliokataa. Tuliongea hata mvua ikatukuta. Haya ndiyo tuliyoyapata.

Kwanza tukumbuke kwamba kufundisha watoto nyumbani si kitu kigeni kilichotoka mbali. Kabla ya shule za misheni kufika huku kwetu, mtoto wa Kibembe alikuwa na mahali pake pa kujifunza. Vijana wa kiume walikaa kwenye lubunga pamoja na wazee. Hapo walisikia hukumu zikikatwa, wakajua ukoo wao, wakajua namna ya kusema mbele ya watu na namna ya kunyamaza mkubwa akisema. Mabinti walijifunza kwa mama zao na bibi zao, shambani, mtoni na jikoni. Hakuna aliyewaita walimu, lakini walikuwa walimu. Na Waswahili walikwisha kusema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Sisi wa Fizi tunaujua ulimwengu huo. Ada yake si ndogo.

Tena sisi ni watu ambao shule zetu zimefungwa mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu kwa vidole. Vita vya mwaka 1996 vilipofika, wengi wetu tulivuka ziwa mpaka Kigoma, tukapelekwa katika kambi za Nyarugusu na Lugufu. Wengine tulikuwa watoto, wengine tulikuwa na mimba, wengine tulikuwa na watoto mgongoni. Wenye akili zetu hawakungoja. Mwalimu aliyekimbia na chaki mfukoni, mama aliyekuwa amemaliza darasa la sita, mzee wa kanisa mwenye Biblia moja, hao ndio walioanza kuwakusanya watoto. Baadaye kambini zilipatikana shule zilizofuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa, ili siku ya kurudi mtoto asiwe mgeni katika nchi yake. Na kurudi kulikuja. Tangu mwezi wa kumi mwaka 2005 meli zilianza kuleta watu wetu hapa bandarini Baraka, na pamoja na magodoro na masufuria walishuka watoto wenye kaye mikononi. Wengi wa wale wanaotufundishia watoto leo walisoma hivyo.

Mwaka 2020 ikaja korona. Mwezi wa tatu shule za nchi nzima zikafungwa, zikafunguliwa tena mwezi wa kumi. Radio Okapi ilitoa masomo hewani, na waliokuwa na radio na betri waliwakalisha watoto kusikiliza. Mwaka wa masomo 2024-2025 ulipoanza, mwezi wa tisa, walimu wa shule nyingi za serikali hapa Kivu ya Kusini waligoma wakidai mshahara unaofaa, na watoto wakabaki nyumbani majuma mengi. Mgomo ulipolegea, vita vya mwaka 2025 vikaja. Bukavu ilichukuliwa mwezi wa pili, na hofu ikashuka pamoja na barabara mpaka kwetu. Madarasa yaligeuka malazi ya wakimbizi, na wazazi wengine walikuwa wenyewe barabarani na mizigo kichwani.

Kwa hiyo mama anayemfundisha mtoto wake nyumbani Baraka hajafanya hivyo kwa kiburi, wala kwa kudharau walimu. Amefanya kama mtu ambaye nyumba yake inavuja na fundi hajafika: anaweka beseni. Tunamheshimu. Lakini beseni si paa, na hilo tutalisema mbele kidogo.

Upande wa imani

Katika kikundi chetu wamo Wamethodisti, Wakatoliki, Wapentekoste na Waislamu, na kwa jambo hili hatukubishana hata kidogo.

Tuliosoma Biblia tulimkumbuka Timoteo. Paulo alipomwandikia barua ya pili, alitaja imani iliyokaa kwanza kwa bibi yake Loisi, kisha kwa mama yake Eunike, ndipo ikamfikia yeye. Angalieni safari hiyo: bibi, mama, mtoto. Na tunajua kutoka kitabu cha Matendo kwamba baba yake Timoteo alikuwa Mgiriki, wala si mtu wa imani ile. Wanawake wawili ndani ya nyumba moja walimlea mtoto katika Maandiko tangu utoto. Na Kumbukumbu la Torati inaagiza wazazi wawafundishe watoto wao wakiwa wameketi nyumbani, wakitembea njiani, wakilala na wakiamka. Hayo yote ni mahali ambapo mama yupo na mwalimu hayupo.

Ndugu zetu Waislamu walitukumbusha kwamba ndani ya Kurani kuna sura nzima yenye jina la Luqman, na humo mzazi anamfundisha mwanawe. Anaanza na Mungu, anapita kwa heshima ya wazazi, anafika kwenye sala na subira, na anamalizia na mambo ambayo wengine wangeyaona madogo: namna ya kutembea bila majivuno na kushusha sauti. Mwenzetu mmoja alisema, "Basi hata kushusha sauti ni somo." Tukamwambia ndiyo, na kwa watoto wetu wengine ni somo gumu kuliko hesabu.

Jambo tulilolikubali wote ni hili. Imani haifundishwi kama vile mito ya Kongo inavyofundishwa, kwa kukariri. Mtoto anaisoma kwetu. Mama akiomba asubuhi kisha akapunguza kipimo cha ndagala mchana, mtoto ameshaona somo lipi ni la kweli. Tukimfundisha kusema "tusamehe" na jioni tunamtukana jirani kutoka upande wa pili wa ua, mtoto atajua kwamba maneno ya sala ni ya kusema tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza tutamfundisha mtoto nini, tujiulize anatusoma nini. Ukurasa wa kwanza ni sisi.

Tena imani itatufundisha kuwatazama watoto wa wengine. Huko Lusenda, tangu mwaka 2015, wapo wakimbizi wa Burundi, na watoto wao wanakaa benchi moja na wetu. Walifika hawajui Kifaransa vizuri, na wengine hawajui Kiswahili chetu. Sisi tuliopokelewa Kigoma tunaelewa. Mtoto anayefundishwa nyumbani kwamba mgeni ni mzigo atakwenda nalo shuleni. Akifundishwa kwamba mgeni ni mtu, atakwenda nalo pia.

Tufundishe nini, na kwa vipi?

Wamama wengi wanaogopa kwa kuwa wanafikiri kufundisha ni kuwa na ubao na Kifaransa. Hapana. Anza na lugha anayoijua mtoto. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 yenyewe inakubali lugha zetu za taifa zitumike kufundishia mwanzoni, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne zilizoandikwa katika katiba, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba. Mtoto akishajua kusoma kwa Kiswahili, herufi ni zilezile, na Kifaransa kitamkuta amefungua mlango. Na Kibembe kisifukuzwe nyumbani. Mtoto asiyeweza kuongea na bibi yake amepoteza maktaba nzima.

Kusoma. Kila siku, nusu saa, kabla giza halijaingia. Kitabu kisipokuwepo, tumia kilichopo: Biblia, kitabu cha nyimbo, karatasi ya chanjo, maandishi juu ya mfuko wa unga, hata ukurasa huu. Mtoto asome kwa sauti, kisha afunge na aeleze kwa maneno yake alichosoma. Akishindwa kueleza, bado hajasoma, ametamka tu.

Kuandika. Kaye moja na biki moja zinatosha muhula mzima kama mtoto anaandika mistari mitano tu kwa siku, lakini vizuri. Kwa wadogo, mchanga wa kando ya ziwa ni ubao usiokwisha. Mwambie aandike mambo ya kweli: nani alifika leo, tulikula nini, mvua ilianza saa ngapi. Mwenzetu mmoja wa Mboko humwandikisha binti yake barua kwa shangazi aliye Kigoma. Barua inakwenda, jibu linarudi, na mtoto hahitaji tena kuambiwa kwa nini kuandika kuna maana.

Hesabu. Hapa sisi wamama wa soko ni maprofesa. Tuseme una mafungu kumi na mawili ya ndagala, kila fungu franka 500. Ukiyauza yote utapata ngapi? 6,000. Mafungu mawili yakiharibika kwa mvua, unapata ngapi? 5,000. Beseni ulilinunua 4,000 na mbeba mzigo ulimlipa 500. Umebaki na faida gani? Franka 500, na mtoto ataelewa kwa nini jana hukununua sabuni. Waliokubwa kidogo wapeni hesabu ya sanduku la kikundi: mama amekopa 50,000, riba ni asilimia kumi kwa mwezi, atarudisha ngapi? 55,000. Akichelewa mwezi mmoja? Waacheni wabishane. Na waoneni wakati tunapofungua sanduku lenye kufuli tatu, kila ufunguo kwa mtu wake, pesa zikihesabiwa mbele ya wote. Hapo hesabu na uaminifu vinafundishwa kwa mara moja.

Sayansi. Uliza mtoto: kwa nini wavuvi hawaendi kuvua ndagala usiku wa mwezi mkubwa? Kwa sababu ndagala hufuata mwanga wa taa, na mwezi ukiangaza ziwa lote, taa haina nguvu ya kuwakusanya. Uliza tena: kwa nini tunaloweka mihogo michungu siku tatu au nne kabla ya kuikausha? Kwa sababu ndani yake mna sumu inayotoka kwa kulowekwa, na mahali watu walipofupisha siku hizo kwa njaa, watoto na wamama walipatwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu na ambao haurudi nyuma. Na kipindupindu, ambacho sisi wa kando ya ziwa tunakijua kwa jina na kwa sura, nacho ni somo: maji ya ziwa yachemshwe au yatiwe dawa, mikono ioshwe kwa sabuni au majivu. Kila mtoto wa miaka kumi ajue kutengeneza maji ya mgonjwa wa kuhara wakati anatafutiwa njia ya kufika hospitali: litri moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa bila kilima. Aandike hayo ndani ya kaye yake. Hesabu hiyo akiikosea, inaweza kugharimu maisha.

Na mama asiyejua kusoma?

Ulizo hili liliulizwa kwa sauti ndogo, na liliulizwa na wengi. Mama, usijiondoe. Kazi ya mama asiyejua kusoma ni kubwa tena ni rahisi kuisema: kaa karibu. Mtoto asome kwa sauti, wewe sikiliza huku unachambua sombe. Akimaliza, umwambie: nielezee. Ukiona maneno hayashikani, mwambie arudie. Huhitaji kujua herufi ili kutambua kama jambo lina maana. Mtoto anayesomea mtu anasoma vizuri kuliko yule anayesomea ukuta.

Kisha mwombe akufundishe jina lako. Si aibu. Mtoto anayemfundisha mama yake herufi haisahau tena. Tunao wenzetu ambao leo wanatia sahihi katika kitabu cha kikundi, wakati zamani walikuwa wanaweka kidole, na walimu wao walikuwa watoto wa darasa la tatu.

Neno juu ya mabinti

Hapa tunaomba tusikilizane vizuri. Shule ikifungwa, mvulana na msichana wote wanabaki nyumbani, lakini hawabaki sawasawa. Mvulana anapata saa ya kucheza mpira na saa ya kushika kaye. Msichana anapata ndoo, mtoto wa kubeba, na mchi wa sombe. Baada ya miezi mitatu mmoja hajasahau mengi, na mwingine amesahau. Kisha tunasema: "Msichana huyu hana akili ya masomo." Akili anayo, alichokosa ni saa.

Tena kuna jambo lingine ambalo linakuja likiwa na tabasamu. Binti akikaa nyumbani mwaka mmoja, watu wanaanza kumtazama kama mtu aliyemaliza. Katika moja ya vikundi vyetu kulikuwa na binti wa miaka kumi na minne, aliyeachia darasa la sita njiani. Ndiye aliyekuwa anaandika hesabu za mama yake za ndagala, na hesabu zake hazikuwahi kupishana. Watu wa familia moja walianza kuja kusalimu, mara ya kwanza mikono mitupu, mara ya pili na kilo za nyama. Baba yake alikuwa mbali, Misisi, kwenye dhahabu. Mama alikuwa na madeni. Tuseme kweli: zile kilo za nyama zilikuwa na uzito.

Wamama wa kikundi walikaa naye. Hawakumtisha. Walimkumbusha sheria ya kulinda mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009, ambayo inakataza kumwoza mtu asiyefikisha miaka kumi na minane. Lakini sheria peke yake hailipi deni, kwa hiyo kikundi kilimwongezea muda wa kurudisha mkopo, na mama mmoja ambaye alikuwa mwalimu alijitolea kumsomesha binti jioni tatu kwa juma pamoja na wake. Binti alirudi darasani masomo yalipofunguliwa. Hatusemi kwamba mambo yote yamekwisha. Baba bado hajarudi, na ile familia bado inapita kusalimu. Lakini binti yuko benchini, na kitabu cha hesabu za ndagala bado ni chake.

Kwa hiyo, wamama, tunapopanga saa ya masomo nyumbani, tuipange kwa wote. Ndoo ya maji ibebwe na kijana pia. Mchi haujali ni mikono ya nani.

Basi, kwa nini kumrudisha?

Sasa tumjibu mwenzetu. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema mambo mawili ambayo yanakaa pamoja. Inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwalea na kuwaelimisha watoto wao. Na inasema elimu ya msingi ni ya lazima, tena bila malipo katika shule za umma. Utekelezaji wa kutolipa ulianza kweli mwezi wa tisa 2019, na ingawa tunajua bado kuna hiki na kile kinachoombwa mlangoni, mlango wenyewe ulipanuka.

Mama anaweza kumpa mtoto mengi, lakini kuna ambayo jiko halitoi. La kwanza ni karatasi. Mwisho wa darasa la sita kuna mtihani wa taifa, na mbele kuna mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari. Mtoto asiye na karatasi hizo anaweza kuwa na akili ya kuongoza jimbo, na bado atasimamishwa mlangoni na mtu mwenye akili nusu ya yake. La pili ni Kifaransa, ambacho ndicho lugha ya mitihani na ya ofisi. Wengi wetu hatukijui vya kutosha kukifundisha. La tatu ni watoto wenzake. Mtoto anayekaa na mama yake tu anajifunza kupendwa. Shuleni anajifunza kungoja zamu yake, kushindwa na kuanza tena, na kukaa na mtoto wa kabila lingine bila kuuliza kwanza ni wa nani. Hapa Fizi, ambapo tumezikana sana kwa sababu ya ulizo hilo, hilo nalo ni somo la lazima.

Juu ya barabara, hatutamwambia mama yeyote kwamba hofu yake ni ya bure. Mahali risasi zinasikika, mtoto abaki ndani, na mama afundishe. Lakini siku njia inapotulia, hofu isigeuke desturi. Tumeona namna inavyokwenda: juma moja, mwezi mmoja, muhula, na mwisho mtoto anakuwa mkubwa kuliko benchi la darasa lake, na yeye mwenyewe anakataa kurudi kwa aibu.

Na kama amekwisha kuwa mkubwa? Bado kuna njia. Viko vituo vya kufidia masomo kwa watoto walioacha au ambao hawakuanza kabisa, ambapo miaka sita ya msingi inasomwa kwa miaka mitatu, na mwisho wake ni mtihani uleule wa taifa. Kwa walio wakubwa zaidi kuna madarasa ya kusoma na kuandika, mengi yakiwa makanisani. Hata mtihani wa serikali una nafasi ya watu waliojisomea wenyewe. Ulizeni kwa direkta wa shule iliyo karibu au kwenye ofisi ya elimu ya Fizi, na nendeni wawili wawili. Mama akienda peke yake anaambiwa arudi kesho. Wakienda wawili, wanapewa kiti.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwenzetu ni hili: mrudishe, na usiache kumfundisha. Jioni zile ulizoanza wakati wa shida, ziendelee wakati wa amani. Shule ikimchukua mchana, saa ya jioni ibaki yako: asome, aeleze, aombe, alale. Mtoto wa hivyo, siku shule itakapofungwa tena, na Mungu atuepushe, hataanza kutoka sifuri.

Na ninyi, baba watoto, ambao tunajua mnausoma ukurasa huu mkisema mnatafuta bei za soko: saa ya jioni si ya mama peke yake. Lubunga ilikuwa kazi yenu. Ikiwa haipo tena uani, iko wapi? Mtoto akimwona baba yake ameketi akimsikiliza akisoma, hata kwa robo saa, atajua kwamba kusoma si kazi ya wanawake na watoto. Anayefanya kazi Misisi au ziwani, akirudi na aulize kwanza kaye kabla ya kuuliza chakula.

Kazi za juma hili

Tunaomba kila kikundi kifanye mambo matatu. Kwanza, mwandike watoto wa wanachama ambao hawako shuleni, wavulana na wasichana, pamoja na umri na darasa walipoachia. Mkijua hesabu, mtajua pa kuanzia. Pili, chagueni nyumba moja yenye kivuli ambapo watoto wa jirani watakutana jioni mbili kwa juma, na mama au dada mmoja anayejua kusoma awaongoze, huku wengine wakimsaidia kazi zake za nyumbani ili asichoke. Tatu, tafuteni vyeti vya watoto: vya kuzaliwa, vya ubatizo, na buletini za zamani. Vitieni ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, na mfuko huo ukae pamoja na vitu mnavyovichukua kwanza mkilazimika kukimbia. Wengi walifika Baraka na mtoto aliyemaliza darasa la tano, wakarudishwa la tatu kwa kukosa karatasi moja.

Mungu awape nguvu mikononi na subira moyoni. Juma lijalo tutaongea juu ya mbegu za mihogo na namna ya kutambua fimbo yenye ugonjwa kabla ya kuipanda. Wenye maulizo, yaleteni siku ya kikundi kama kawaida, kwa mdomo au kwa maandishi. Na yakiandikwa na mtoto wako, tutafurahi zaidi.